Injini ya Mvuke Katika Sinema: Kuitambua, na Kuiunda kwa Katoni

Somo hili mlilisikia katika radio. Sasa limepigwa chapa ili mlisome wenyewe, polepole, mkirudia pale penye ugumu. Shika penseli na kipande cha karatasi, maana leo kuna hesabu.

Nazungumza juu ya injini za mvuke, yaani zile injini za zamani zilizovuta garimoshi kwa nguvu ya maji yaliyochemshwa. Najua mtaniuliza: Bwana Elimu, hapa Genkuru reli iko wapi? Reli haiko. Mkoa wetu wote wa Mara hauna reli. Upande wa kusini reli ilifika Mwanza mwaka wa 1928. Upande wa kaskazini, ng'ambo ya mpaka, ilifika Kisumu mwaka wa 1901. Sisi tumo katikati, na wengi wetu injini ya mvuke tumeiona katika sinema tu. Basi hiyo ndiyo sababu ya somo hili. Mtu anayekijua kitu kwa picha tu, shurti ajue kuisoma picha, kama anavyojifunza kuisoma barua, la sivyo ataamini kila anachoonyeshwa.

Nami nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Nilikuja Genkuru jioni moja nikiwa na mashine ya kuonyeshea picha na jenereta ndogo. Nikaonyesha sinema iitwayo Out of Africa. Picha hiyo ilitoka mwaka wa 1985, nayo yaeleza habari za Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyekuwa na shamba la kahawa karibu na vilima vya Ngong, Kenya. Mwanzoni garimoshi linapita mbugani, moshi unapanda, mara linasimamishwa njiani ili pembe za ndovu zipakiwe. Watu walipenda sana sehemu hiyo. Waliniomba niirudie, nikairudia. Kisha nikasimama mbele yao kama afisa mwenye stashahada ya chuo kikuu, nikawaambia: "Hii ni injini ya kweli ya siku za kale, mnavyoiona ikienda ndivyo zilivyokwenda."

Mama mmoja wa darasa lile, mwuza dagaa, aliyashika maneno yangu. Alikwenda kwake akaanza kuiunda injini ile kwa katoni na waya. Alifanya kazi miezi miwili, usiku, baada ya sokoni. Alikusudia kuipeleka kwenye maonyesho ya Wiki ya Elimu ya Watu Wazima, na chini yake aliandika kwa mkono wake, kwa herufi alizojifunza mwaka uleule: INJINI YA KWELI YA MWAKA 1913. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza kuionyesha watu wasio wa darasa letu.

Katika darasa lile yuko mzee mmoja, twamwita Tata, kama ilivyo desturi ya huku. Katika ujana wake alifanya kazi Nairobi, katika banda la injini la shirika la reli la Afrika Mashariki, kabla shirika hilo halijavunjika mwaka wa 1977. Alianza kwa kufuta injini kwa matambara na mafuta, baadaye akawa mchochezi, yaani mtu wa kuangalia moto. Usiku ule wa sinema hakusema kitu. Lakini siku mama alipoleta kazi yake darasani, Tata aliitazama sana, akaisifu, kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu, garimoshi lile la sinema, ulizihesabu pumzi zake?"

Sikuzihesabu. Sikujua hata kwamba zinahesabika.

Tuanze hapo basi, kwenye pumzi.

Injini ya mvuke ina tangi kubwa la duara liitwalo boila. Ndani ya boila mna maji, na moto unayachemsha. Maji yakichemka hugeuka mvuke, na mvuke unataka nafasi kubwa kuliko maji, kama unavyoona mfuniko wa sufuria ukirukaruka jikoni. Mvuke huo hupelekwa kwenye silinda, ambayo ni kama bomba la baiskeli lenye pistoni ndani yake. Mvuke unaisukuma pistoni mbele, kisha unaingia upande wa pili na kuisukuma nyuma. Pistoni imefungwa kwenye fito za chuma, na fito zinageuza magurudumu. Mvuke uliokwisha kazi hutoka kwa nguvu kupitia dohani, yaani bomba la moshi juu ya injini. Huko kutoka ndiko tunakokusikia: chu, chu, chu, chu.

Sasa hesabu. Injini ya kawaida ina silinda mbili, moja kila upande. Kila pistoni inasukumwa mara mbili, mbele na nyuma, gurudumu linapozunguka mara moja. Mbili mara mbili ni nne. Kwa hiyo kila gurudumu kubwa likizunguka mara moja, injini inapumua mara nne. Injini ikikimbia huwezi kuzihesabu, zinaungana kama ngoma iliyochanganya. Lakini inapoondoka stesheni, polepole, unaweza kabisa. Tazama ufito mmoja wa gurudumu. Kila ukirudi chini, pumzi nne ziwe zimetoka. Kama magurudumu yanazunguka na moshi unatoka tu mfululizo, kama moshi wa jiko, bila kufuata magurudumu, basi hapana budi ushuku. Ama injini inateremka mlima na dereva amefunga mvuke, ama kuna kitu kingine kinachoisukuma.

Kitu kingine ndicho kilichokuwako. Nilipotafuta habari niliona ya kuwa wakati wa kupiga picha ile hapakuwa na injini ya mvuke hata moja iliyoweza kufanya kazi nchini Kenya. Zote zilikwisha kuondolewa kazini. Basi wenye sinema walitengeneza garimoshi la mfano, likasukumwa na injini ya dizeli. Katika tanuru walichoma matairi ya mpira ili moshi upatikane, na mvuke ulifanyizwa kwa mtambo mwingine. Garimoshi lile la sinema liliwekwa baadaye katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, makumbusho yaliyofunguliwa mwaka wa 1971.

Nilirudi Genkuru nikasema mbele ya watu wote kuwa nilikosea. Haikuwa rahisi. Afisa akikosea mbele ya wanafunzi watu wazima, hawamcheki usoni. Wananyamaza kwa adabu, na kunyamaza kule ni kuzito kuliko kicheko. Aliyenitia huzuni zaidi ni yule mama. Aliishika injini yake ya katoni mapajani kama mtoto mgonjwa, akauliza, "Basi nimeunda uwongo?"

Swali hilo nitalijibu, lakini kwanza natakeni mjifunze alama nyingine za kutambua injini, kwa sababu pumzi peke yake haitoshi. Sinema nyingine hazina sauti nzuri, na picha iliyobandikwa ukutani haina sauti kabisa.

Alama iliyo bora ni magurudumu. Wataalamu wa reli huziita injini kwa hesabu ya magurudumu. Wanahesabu kwa mafungu matatu: magurudumu madogo ya mbele, kisha makubwa yanayogeuzwa na fito, kisha madogo ya nyuma. Wewe katika picha unaona upande mmoja tu, kwa hiyo hesabu unayoyaona kisha zidisha kwa mbili. Mathalan ukiona dogo moja mbele, makubwa manne katikati, na madogo mawili nyuma, unapata 2, 8 na 4. Injini hiyo huandikwa 2-8-4, na jumla ya magurudumu yake ni 14. Angalieni jambo moja linalowakosesha wengi: lile behewa dogo linalofuata nyuma ya dereva, lenye kubeba maji na mafuta, lina magurudumu yake, nayo hayahesabiwi. Hesabu ya injini yakoma mwisho wa injini.

Katika nchi zetu hesabu hiyo yafaa sana. Miaka ya 1950 shirika la reli la Afrika Mashariki lilinunua injini nyingi mpya kutoka Uingereza. Za namba 29 zilikuwa 2-8-2. Za namba 30 na 31 zilikuwa 2-8-4. Hizo zote zilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Iliyo na namba 3020 inaitwa Nyaturu, na 2921 inaitwa Masai wa Kenya. Namba za kwanza mbili ndizo zinazokuambia aina. Ukiona 29 kwanza, ni aina ya 29. Ni kama namba ya gari: mtu anayejua kuisoma anajua mengi kabla hajamwona dereva.

Halafu kuna ile kubwa, ambayo Tata akianza kuisema darasa linakaa kimya. Ni aina ya 59. Ziliundwa 34 na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, mwaka wa 1955 na 1956, nazo zilipewa majina ya milima. Hizo ni injini za mtindo wa Garratt, uliobuniwa na Mwingereza Herbert William Garratt. Fikirini machela iliyobebwa na watu wawili: mmoja mbele, mmoja nyuma, na mgonjwa katikati. Injini ya Garratt ni hivyo. Mbele kuna fungu la magurudumu lenye silinda zake, nyuma kuna fungu lingine lenye silinda zake, na boila imelazwa katikati, imening'inia juu ya mafungu yote mawili. Reli ikipinda, kila fungu linapinda kivyake, na boila inakata kona kama machela.

Kwa nini walitaka kitu cha ajabu namna hiyo? Reli kutoka Mombasa inaanza baharini, na Nairobi iko juu, zaidi ya futi 5,000. Mizigo ilikuwa mingi, njia ni moja, ina kona, na reli zenyewe ni nyembamba. Ukiweka injini moja nzito ya kawaida, uzito wote unakaa mahali pamoja na kuiumiza njia. Garratt inaugawa uzito juu ya magurudumu mengi. Aina ya 59 ilikuwa 4-8-2 na 2-8-4 pamoja. Jumlisheni wenyewe kabla hamjaendelea kusoma. Mmepata 28? Vema. Uzito wake ulikuwa tani 252 za Kiingereza, na hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita moja, duniani kote, iliyoishinda kwa nguvu.

Tata anasema mtu anayesikia Garratt kwa mara ya kwanza hudhani zimekuja injini mbili. Ana haki. Silinda ni nne, mafungu ni mawili, na hayakufungwa pamoja. Mara pumzi zinakwenda sawasawa, mara zinaachana, kisha zinakutana tena. Yeye huigiza kwa kupiga meza kwa mikono miwili, na vijana wote wanajaribu na kushindwa.

Mbili kati ya injini hizo zimehifadhiwa Nairobi, nazo zina majina ya milima ya Tanzania. Namba 5918 ni Mlima Gelai, ulio karibu na Ziwa Natron. Namba 5930 ni Shengena, wa Upare. Nawaambia hayo kwa sababu wengine hudhani mambo ya reli ya Kenya hayatuhusu. Shirika lilikuwa moja, na majina yalichukuliwa pande zote.

Alama nyingine ni herufi zilizoandikwa ubavuni. Reli ya kwanza kutoka Mombasa iliitwa Reli ya Uganda. Ilianza kujengwa mwaka wa 1896. Mwaka wa 1926 ikaitwa Reli ya Kenya na Uganda, na herufi zikawa KUR. Mwaka wa 1948 reli hizo ziliunganishwa na za Tanganyika, herufi zikawa EAR. Mwaka wa 1977 kila nchi ikachukua zake. Basi ukiona sinema inayosema ni mwaka wa 1913 na injini ina herufi EAR, kuna aliyelala. Vivyo hivyo ukiona Garratt katika habari za mwaka wa 1913 huku kwetu: Garratt za kwanza za Kenya zilikuja mwaka wa 1926. Na ukiona dohani bapa, ndefu kutoka mbele kwenda nyuma, kama imebanwa na milango miwili, hiyo ni ya mtindo wa Giesl, mhandisi wa Austria. Dohani za namna hiyo zilitiwa katika injini za EAR karibu na miaka ya 1960. Rangi pia husaidia. EAR ilipaka injini zake rangi nyekundu ya giza, kama damu ya ng'ombe iliyoganda.

Alama ya mwisho iko chini, na watu wachache huitazama: upana wa reli. Reli zetu za zamani, za Kenya, Uganda na Tanganyika, zina upana wa mita moja, yaani milimita 1,000. Reli mpya ya umeme iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwaka wa 1924 — hapana, nimekosea; katika radio pia nilikosea, na mtangazaji akanisahihisha: ni mwaka wa 2024 — hiyo ina milimita 1,435, sawa na ya Uingereza. Tofauti hiyo inaonekana kwa macho. Injini ya reli ya mita moja ina kiwiliwili kinachozidi miguu, kama mtu mnene aliyebananisha nyayo zake.

Nitawapa mfano kutoka mbali, ili msidhani ni sinema za Afrika tu zinazofanya hivi. Mwaka wa 1978 ilitengenezwa sinema juu ya wizi wa dhahabu ndani ya garimoshi la Uingereza mwaka wa 1855. Mchezaji mkubwa alikuwa Sean Connery. Lakini magarimoshi yake yalipigiwa picha Ireland, kwa injini ya Kiayalandi namba 184, iliyoundwa mwaka wa 1880, ikapambwa ionekane ya kale zaidi. Injini ya Ireland ni 0-6-0, yaani haina magurudumu madogo mbele wala nyuma, makubwa matatu tu kila upande. Kuipamba waliweza. Kuibadili reli hawakuweza: reli ya Ireland ina upana wa milimita 1,600, na ya Uingereza 1,435. Mtu mwenye kipimo machoni anajua papo hapo kuwa haiko Uingereza. Na ile sinema ya simba wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli mwaka wa 1898, iliyotoka mwaka wa 1996 kwa jina la The Ghost and the Darkness, ilipigwa Afrika ya Kusini. Reli za huko kwa desturi ni milimita 1,067. Hapo tofauti na yetu ni milimita 67 tu, upana wa vidole vitatu au vinne, na mimi nakiri kuwa kwa macho siwezi kuiona. Tata anasema anaweza. Mimi nanyamaza.

Sasa kuunda.

Watu wengi huunda kwa kukisia, wakafanya kichwa kikubwa na magurudumu madogo, au kinyume. Dawa yake ni kipimo kimoja kwa vitu vyote. Sisi Genkuru tuliamua kuwa kila sentimita 50 za injini ya kweli zitakuwa sentimita 1 ya mfano. Kwa maneno mengine, gawanya kwa 50. Reli ya mita moja ni sentimita 100. Gawanya kwa 50, unapata sentimita 2. Mnaona ilivyo nyepesi? Ndiyo maana tulichagua 50.

Tukachagua kuunda Mlima Gelai. Magurudumu makubwa ya aina ya 59 yana upana wa milimita 1,372. Gawanya kwa 50: milimita 27, na kidogo. Tulitafuta kitu cha duara chenye upana huo. Vizibo vya soda vilikuwa vikubwa mno, vifungo vya shati vidogo mno. Mwishoni kijana mmoja alileta gunzi la mahindi, akalikata vipande vyembamba kwa msumeno wa chuma, na tulipopima, vipande vya karibu na katikati ya gunzi vilikuwa milimita 27 kamili. Tena gunzi lina ute laini katikati, waya unapita bila kutoboa kwa moto. Tulihitaji 16 ya makubwa. Ya madogo 12 tulikata kwenye ncha za magunzi, huko kunakokuwa kwembamba.

Boila ndiyo iliyotufundisha zaidi. Upana wake ni mita 2.29. Gawanya kwa 50, unapata sentimita 4.6 hivi. Fikirini: reli ni sentimita 2, na boila iliyo juu yake ni zaidi ya mara mbili! Darasa zima lilikataa. Walisema nimekosea hesabu, na baada ya habari ya sinema walikuwa na haki ya kunishuku. Tukairudia hesabu ubaoni mara tatu. Ndivyo ilivyo. Injini ile ni mnene kweli, na mifano mingi inaharibika kwa sababu mwundaji anaogopa unene huo.

Ili kukunja katoni iwe boila, lazima ujue mzunguko wake. Zidisha upana kwa 22, kisha gawanya kwa 7. Sentimita 4.6 mara 22 ni 101.2, gawanya kwa 7, ni 14 na nusu karibu. Ongeza sentimita 1 ya kupandishia gundi. Kata katoni nyembamba, ile ya sanduku la sabuni, si ile ya mawimbi, maana ya mawimbi hukunjika kwa kuvunjika. Ilowanishe kidogo kwa kitambaa, izungushe juu ya chupa, ifunge kwa uzi hadi ikauke. Gundi yetu ilikuwa uji mzito wa unga wa muhogo. Ni nzuri, ila panya wanaipenda, basi ining'inizeni kazi yenu juu.

Urefu wote wa injini ni karibu mita 31.7, kwa hiyo mfano wetu una sentimita 63. Usiuunde kipande kimoja. Unda vitatu: tangi la maji la mbele na magurudumu yake, boila na chumba cha dereva katikati, na tangi la nyuma na magurudumu yake. Viunganishe kwa msumari mmoja mmoja usiokazwa, mbele na nyuma, ili mafungu yageuke. Ukiuweka juu ya meza na kuupindisha kidogo, utaelewa machela ya Garratt kuliko nilivyoeleza mimi. Fito ni za spoku za baiskeli. Rangi tulichanganya udongo mwekundu na masizi katika gundi ileile. Namba 5918 na jina, Mount Gelai, vilipakwa kwa unga mweupe, naye Tata ndiye aliyeandika, kwa sababu alisema aliwahi kuifuta ile ya kweli mara nyingi kuliko alivyofuta meza ya nyumbani kwake. Mkono wake ulitetemeka, na herufi moja imekwenda upande. Hatukuisahihisha.

Narudi sasa kwa mama na injini yake ya sinema.

Wengine walimshauri aivunje atumie katoni yake kwa Gelai. Mimi sikukubali, na nilifurahi kuona Tata pia hakukubali. Yeye ndiye aliyemjibu: "Mama, hukuunda uwongo. Injini ile ya sinema ipo, imewekwa Nairobi, watu wanaitazama. Uwongo uko katika maandishi tu, na maandishi unajua kuyaandika." Kisha akamwambia maneno ambayo mimi nisingethubutu: kwamba kazi yake haijakwisha, imebaki nusu.

Mama alikwenda kwake, akakaa juma zima. Aliporudi alikuwa na injini yake ileile, na mabehewa mawili, na nyuma ya mabehewa ameongeza kisanduku kirefu kisicho na dohani wala fito, chenye madirisha madogo mbele. Ni injini ya dizeli, inasukuma. Ndani ya tanuru la injini ya mbele ametia kipande cheusi cha mpira wa kandambili, kuwa ndiyo tairi linaloungua. Kibao cha zamani amekifuta. Kipya kimeandikwa hivi: INJINI YA SINEMA, 1985. HAIENDI YENYEWE. TAZAMA NYUMA.

Katika maonyesho mifano yote miwili iliwekwa juu ya meza moja. Watu walianza kwa Gelai, kwa ukubwa wake, lakini walikaa zaidi kwa ile ya mama, wakisoma kibao kwa sauti, kisha wakizunguka meza kutazama nyuma. Watoto walirudia kuzunguka hata mwenye meza akawafukuza.

Kazi ya juma hili ni hii. Tafuteni picha yoyote ya garimoshi, ya gazeti, ya kalenda au ya sinema. Andikeni hesabu ya magurudumu kwa mafungu matatu, herufi mnazoziona ubavuni, na mwaka mnaodhani. Walio na sinema wahesabu pia pumzi, injini inapoondoka stesheni. Kisha gawanyeni kwa 50 vipimo hivi vya injini ya aina ya 29: gurudumu kubwa milimita 1,219, na reli milimita 1,000. Katika somo lijalo tutatengeneza behewa, nanyi mje na magunzi makavu, si mabichi. Mabichi hunywea yakikauka, na gari likaenda chechele.